Shairi Linapotiwa Sauti: Bembezi ya Tana na Wimbo wa Kisanaa wa Kifaransa

Utangulizi

Bendera ya Kenya inapopandishwa katika uwanja wa shule, wimbo unaoimbwa na wanafunzi waliosimama wima haukuanza maisha yake uwanjani. Sauti yake ilitoka kwa mama aliyeketi na mtoto kando ya Mto Tana, akimbembeleza alale. Maneno ya dua yanayoimbwa leo yalitiwa mwaka 1963; sauti yenyewe ilikuwapo kabla ya hapo katika lugha ya Kipokomo, ikiwa bembezi. Habari hii inafahamika kwa wengi, lakini kwa kawaida hutajwa kama jambo la kufurahisha tu, kisha huachwa. Swali linalomhusu mwanafunzi wa ushairi ni nadra kuulizwa: wimbo unapovuliwa maneno yake na kuvishwa mengine, ni kitu gani kinachobaki? Na kwa upande wa pili, shairi lililokwisha kuandikwa linapopewa sauti na mtu asiyelitunga, ni kitu gani kinachoongezeka?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kulinganisha njia mbili za kukutanisha shairi na sauti. Njia ya kwanza ni ile ya wimbo wa kisanaa wa Kifaransa, ambapo shairi hutangulia na sauti hufuata. Mfano utakaotumiwa ni "Les berceaux", wimbo wa huzuni uliotungiwa sauti na Gabriel Fauré mwaka 1879 kutokana na shairi la Sully Prudhomme. Njia ya pili ni ile ya wimbo wa taifa wa Kenya, ambapo sauti ilitangulia na maneno yakafuata. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu nyimbo hizo mbili zina asili moja ya maana: zote zinatokana na mtoto anayebembezwa karibu na maji. Hoja inayotetewa ni kwamba sauti si nguo ya kulivisha shairi baada ya maana yake kukamilika. Sauti ni sehemu ya maana, na mara nyingine husema jambo ambalo maneno yamelificha au hata yamelikana.

Delta ya Tana na bembezi zake

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka nyanda za juu hadi Bahari ya Hindi. Baada ya kupita Garsen, mto hupanuka na kugawanyika katika delta yenye mabwawa, mashamba ya mpunga, migomba na miembe. Chara imo katika sehemu hii ya chini, mto unapoelekea Kipini. Wakazi wa kale wa kingo hizi ni Wapokomo, wakulima na wavuvi ambao maisha yao hufuata mafuriko ya mto, na majirani zao ni Waorma, wafugaji wa ng'ombe. Upande wa bahari, Kipini na Ozi ni miji ya Waswahili, na huko ndiko masimulizi mengi yanakomweka Fumo Liyongo.

Ukaribu huu wa Wapokomo na Waswahili si wa ardhi peke yake. Wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika utafiti wao mkubwa uliochapishwa mwaka 1993, wanaziweka lugha za Kipokomo, Kiswahili, Kimijikenda na Kikomoro katika kundi moja la Sabaki. Lugha hizi ni ndugu. Silabi zao kwa kawaida huishia kwa irabu, na maneno yao mengi yanakaribiana. Jambo hili litakuwa na uzito hapo mbele, sauti ya Kipokomo itakapopewa maneno ya Kiswahili.

Katika uainishaji wa nyimbo za fasihi simulizi, bembezi huwekwa kando ya mbolezi za matanga, kimai za mabaharia, wawe za wakulima na nyiso za jando. Mara nyingi bembezi hupewa aya moja fupi katika vitabu vya shule: huelezwa kuwa ni nyimbo za kuwatuliza watoto, zenye maneno machache na marudio mengi. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Bembezi ni wimbo wenye wasikilizaji wawili. Mtoto husikia sauti tu, kwa kuwa maneno bado hajayajua. Anayeyasikia maneno ni mama mwenyewe, na pengine jirani aliye karibu. Ndiyo maana bembezi nyingi za Afrika Mashariki zimejaa mambo yasiyomfaa mtoto: uchovu, ukosefu wa chakula, baba aliyesafiri, mke mwenza. Sauti humlaza mtoto na maneno humpa mama nafasi ya kusema lililomkaa moyoni.

Bembezi ya Kipokomo iliyozaa wimbo wa taifa ni mfano mzuri wa hali hii. Kama inavyofasiriwa mara nyingi, maneno yake humtaja mnyama wa mwituni anayeitwa aje amle mtoto asiyekoma kulia. Kwa maneno, wimbo ni kitisho. Kwa sauti, ni upole mtupu. Asiyejua Kipokomo akiusikia atadhani mama anasema jambo la mapenzi, na hatakuwa amekosea, kwa kuwa mapenzi yamo katika sauti. Anayejua lugha atayasikia mambo mawili kwa pamoja, na mvutano kati ya hayo mawili ndio uzuri wa wimbo.

Delta hii pia inajua kwamba wimbo unaweza kuwa na maana moja kwa msikilizaji mmoja na maana nyingine kwa msikilizaji mwingine. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad bin Abubakar Kijumwa mwaka 1913, shujaa aliyefungwa gerezani humpelekea mama yake ujumbe wa kishairi kwa kinywa cha mjakazi Saada, akitaka tupa ifichwe ndani ya mkate. Walinzi wanausikia ushairi. Mama anasikia agizo. Bembezi haina hila ya namna hiyo, lakini msingi wake ni huo huo: maneno na sauti havikulazimika kumwendea msikilizaji mmoja.

Wimbo wa kisanaa wa Kifaransa

Kabla ya kuuchambua wimbo wa Fauré, inafaa kueleza aina ya sanaa unayowakilisha. Wafaransa huiita "mélodie", na katika makala haya itaitwa wimbo wa kisanaa. Ni wimbo wa mwimbaji mmoja anayesindikizwa na piano, uliotungiwa shairi ambalo tayari limechapishwa na linasomwa peke yake kama fasihi. Mtunzi wa sauti si mshairi. Yeye ni msomaji wa kwanza anayetoa fasiri yake, ila badala ya kuandika insha ya uhakiki, huandika muziki. Sanaa hii ilistawi katika karne ya 19, na Hector Berlioz alipoyatungia muziki mashairi ya Théophile Gautier katika mkusanyiko wa "Les nuits d'été", alikuwa miongoni mwa waliofungua njia. Baada yake walikuja Fauré, Henri Duparc, Claude Debussy na wengine.

Kwa kuwa sauti ni fasiri, shairi moja linaweza kuwa na sauti nyingi. Shairi la Paul Verlaine liitwalo "Clair de lune" lilitungiwa sauti na Fauré mwaka 1887, na Debussy alilitungia mara mbili, mwaka 1882 na tena mwaka 1891. Maneno ni yale yale, lakini nyimbo hizo tatu hazifanani.

Hapa msomaji wa Kiswahili ataona tofauti kubwa na mapokeo yake. Katika utenzi, sauti moja inayojulikana hubeba beti zote za utungo, na sauti hiyo hiyo huweza kubeba utungo mwingine. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 una beti 102. Zote zina mishororo minne yenye mizani 8 kila mmoja, kwa hiyo mahadhi yanayoufaa ubeti wa kwanza yanaufaa wa mwisho. Mfaransa hutafuta sauti nyingi kwa shairi moja. Mswahili wa kale alitosheka na sauti moja kwa mashairi mengi. Huo haukuwa upungufu. Sauti inayojulikana humwachia msikilizaji nafasi ya kuyashika maneno, na utenzi ulikusudiwa kufunza.

Hata hivyo, si kweli kwamba njia ya Kifaransa ni ngeni kabisa pwani. Taarabu huifuata kwa kiasi kikubwa. Shairi hutungwa kwanza kwa vina na mizani, kisha hutafutiwa mahadhi yake mahususi pamoja na udi, fidla na kanuni. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, alichokuwa akikifanya kilikuwa ni kuyapa mashairi sauti itakayoyatofautisha na mashairi mengine. Kwa hiyo mwanafunzi anayeujua uhusiano wa shairi na mahadhi katika taarabu ana mlango tayari wa kuingilia wimbo wa kisanaa.

"Les berceaux": bembezi na kimai katika shairi moja

Sully Prudhomme, aliyezaliwa mwaka 1839 na kufariki mwaka 1907, ndiye mwandishi wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 1901. Shairi lake la susu, yaani vitanda vidogo vya kubembezea watoto, ni fupi sana. Lina beti tatu za mishororo minne, na kila mshororo una mizani 8, sawa na mshororo wa utenzi. Tofauti moja ya kanuni yafaa kutajwa. Kiswahili huihesabu kila irabu, ilhali Kifaransa hakiihesabu irabu hafifu inayomalizia neno la mwisho la mshororo. Lakini mshororo huo unapoimbwa, irabu hiyo iliyoachwa katika hesabu hurudi na kupewa noti yake. Hata katika ushairi wa Kifaransa, basi, hesabu ya karatasi na hesabu ya kinywa si kitu kimoja.

Maudhui ya shairi ni rahisi kuyaeleza. Katika ubeti wa kwanza, merikebu kubwa zimefungwa gatini zikiyumbishwa polepole na mawimbi, na hazizijali susu zinazobembezwa na mikono ya wanawake. Katika ubeti wa pili, siku ya kuagana inakuja: wanawake hawana budi kulia, na wanaume wenye shauku hawana budi kuufuata upeo wa macho unaohadaa. Katika ubeti wa tatu, merikebu zinang'oa nanga, bandari inadidimia nyuma yake, na ndipo zinapohisi kwamba uzito wao unavutwa nyuma na roho ya zile susu zilizo mbali.

Mswahili hahitaji kufasiriwa hali hii. Katika bandari za jahazi kama Kipini na Lamu, wanawake wa vizazi vingi walibaki na watoto huku waume zao wakifuata pepo za msimu. Kwa istilahi za fasihi simulizi, shairi hili limekutanisha tanzu mbili ambazo huimbwa mahali tofauti na watu tofauti. Bembezi ni ya mwanamke aliye nyumbani; kimai ni ya mwanamume aliye chomboni. Kazi ya mshairi ilikuwa kuonyesha kwamba tanzu hizo zina mwendo mmoja: susu huyumba na merikebu huyumba.

Mpangilio wa vina unaitilia nguvu maana hiyo. Katika ubeti wa kwanza na wa pili, vina hupishana, mshororo wa kwanza ukipatana na wa tatu, na wa pili ukipatana na wa nne. Neno la merikebu liko mwisho wa mshororo wa kwanza wa shairi, na neno la susu liko mwisho wa mshororo wa tatu. Yanapatana kwa kina. Katika ubeti wa mwisho maneno hayo mawili yanarudi, lakini mpangilio umebadilika. Sasa neno la merikebu liko mshororo wa kwanza na la susu limesukumwa hadi wa nne. Yametengana zaidi kuliko mwanzo, na bado kina kinayaunganisha. Mshairi ameuonyesha umbali na mvuto wake kwa nafasi ya vina tu.

Fauré aliliona jambo hilo na akaongeza la kwake. Piano haianzi kwa kishindo. Inaanza kwa mapigo yanayokwenda matatu matatu, yakipanda na kushuka bila kukoma, na mwendo huo haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Msikilizaji hawezi kusema kama anachosikia ni susu au ni merikebu, na hilo ndilo lengo. Maneno ya ubeti wa kwanza yanadai kwamba merikebu hazizijali susu, lakini piano tayari imeziweka katika mwendo mmoja. Muziki unakijua tangu mwanzo kile ambacho maneno yanakifikia mwishoni.

Katika ubeti wa pili, sauti ya mwimbaji hupanda na kupata nguvu hadi inapofika kilele kwa wanaume wanaoufuata upeo wa macho. Hapo ndipo penye hamasa yote ya safari. Baada ya hapo sauti hushuka, na ubeti wa tatu huanza kwa mahadhi ya ule wa kwanza. Merikebu zimeondoka, ila muziki umerudi gatini. Huzuni ya wimbo haikutokana na neno la kilio lililomo katika ubeti wa pili; imetokana na marejeo hayo ya sauti, ambayo hayapo katika karatasi ya mshairi. Hicho ndicho kilichoongezeka shairi lilipotiwa sauti.

Sauti iliyotangulia maneno

Wimbo wa taifa wa Kenya ulikwenda kinyume na utaratibu huo. Kenya ilipokaribia uhuru, uliopatikana tarehe 12 Desemba 1963, kazi ya kuutayarisha wimbo ilikabidhiwa kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wanafunzi wa tamthilia ya Kiswahili wanamjua Hyslop kwa michezo yake "Afadhali Mchawi" na "Mgeni Karibu". Sauti iliyochaguliwa ilikuwa bembezi ya Wapokomo, na jina la Meza Morowa Galana, Mpokomo wa Tana, ndilo linalotajwa katika kumbukumbu za umma kuhusiana na bembezi hiyo. Kamati iliandika maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza ili yote mawili yaweze kuimbwa kwa sauti hiyo moja.

Kuandika maneno ya kufuata sauti iliyopo ni kazi yenye masharti yake. Mshairi wa kawaida huamua bahari, kisha huhesabu mizani. Kamati haikuwa na hiari hiyo. Sauti ilikuwa imekwisha kuamua. Matokeo yake yanaonekana wazi mtu akiuchambua wimbo kwa kanuni za arudhi. Una beti tatu za mishororo sita. Mizani hailingani kutoka mshororo hadi mshororo, na hata mishororo inayoshika nafasi moja katika beti tofauti haifanani. Mshororo wa nne, kwa mfano, una mizani 8 katika ubeti wa kwanza, na 7 katika wa pili na wa tatu. Wa tano una mizani 7 katika ubeti wa kwanza, na 6 katika beti zinazofuata. Vina pia vimelegea. Ubeti wa kwanza unapatanisha irabu za mwisho zaidi ya kupatanisha silabi nzima.

Mhakiki anayesoma karatasi angeweza kuhukumu kwamba utungo huu una kasoro. Lakini hakuna Mkenya anayejikwaa katika mshororo wa nne au wa tano. Mahali penye mizani pungufu, sauti huvutwa; mahali penye ziada, silabi mbili hugawana pigo. Undugu wa Kipokomo na Kiswahili unasaidia hapa. Sauti iliyozoea silabi zinazoishia kwa irabu imekutana na lugha nyingine yenye tabia hiyo hiyo, na irabu hizo ndizo zinazoruhusu kuvuta na kufupisha bila neno kuvunjika.

Njia hii ya kuibadilishia sauti maneno haikutumika Kenya peke yake. Sauti ya wimbo wa taifa wa Tanzania ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897 kwa maneno ya Kixhosa, kisha ikapewa ya Kiswahili. Lakini wimbo wa Sontonga ulikuwa dua tangu mwanzo, na ukabaki dua. Wimbo wa Tana ulihama mbali zaidi: kutoka kwa mtoto hadi kwa taifa, na kutoka kwa kitisho cha mnyama hadi kwa ombi kwa Mwenyezi Mungu.

Mizani ya karatasi na mizani ya pumzi

Ulinganisho huu unagusa mjadala wa siku nyingi katika ushairi wa Kiswahili. Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika limepungukiwa. Euphrase Kezilahabi alipochapisha "Kichomi" mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani yalizua ubishi mkali, na mojawapo ya lawama zilizotolewa ni kuwa hayaimbiki. Ibrahim Noor Shariff naye, katika "Tungo Zetu" ya mwaka 1988, aliukumbusha ulimwengu wa wasomi kuwa tungo za Waswahili zilikuwa za kinywa na sikio kabla ya kuwa za karatasi.

Katika mjadala huo, pande zote mbili mara nyingi zilichukulia kwamba uimbikaji ni tabia inayoonekana katika maandishi: ukihesabu mizani ukaikuta imetimia, shairi linaimbika, ukiikuta imepungua, haliimbiki. Wimbo wa taifa wa Kenya unaipinga dhana hiyo. Ni utungo usiolingana mizani ambao mamilioni ya watu wanauimba bila tabu. Wakati huo huo, hauwapi ushindi kamili watetezi wa mashairi huru. Haukuimbika kwa sababu uliachana na utaratibu. Uliimbika kwa sababu ulitii utaratibu mwingine, yaani ule wa sauti ya mama wa Tana. Wimbo wa Fauré unaongeza funzo lingine. Shairi la Sully Prudhomme limetimiza mizani yake yote, lakini utimilifu huo pekee haukuamua litaimbwaje. Msomaji mwenye sikio ndiye aliyeamua.

Kwa hiyo yafaa kutofautisha mizani ya karatasi na mizani ya pumzi. Ya kwanza huhesabiwa kwa kidole na ni ya lazima kwa anayetaka kuielewa kazi ya mtunzi. Ya pili husikika tu utungo unapotolewa kwa kinywa. Uhakiki unaotumia moja na kuiacha nyingine umesikia nusu ya utungo.

Kinachobaki na kinachopotea

Limebaki swali la kwanza: wimbo unapovuliwa maneno yake, ni nini kinachobaki? Katika wimbo wa taifa kimebaki kitu kisichotarajiwa katika nyimbo za aina hiyo. Mataifa mengi huimba kwa kishindo cha vita na tarumbeta. Wimbo wa Kenya una utulivu ambao msikilizaji huutambua kabla hajajua asili yake. Maneno ya dua yanakaa vizuri juu ya sauti hiyo kwa kuwa dua na bembezi zina jambo moja la pamoja: zote ni maneno ya mtu anayeomba usalama wa kiumbe asichoweza kukilinda kwa nguvu zake peke yake.

Lakini kimepotea kitu pia. Mvutano wa kitisho na upole, ambao ndio uliokuwa moyo wa bembezi, haumo tena. Kadiri sauti inavyozidi kujulikana kwa maneno mapya, ndivyo maneno ya kale yanavyozidi kuwa maelezo ya pembeni. Mama wa Chara au Garsen anayetaka kumbembeleza mtoto kwa sauti hiyo leo anaimba sauti ambayo shuleni mtoto huyo ataambiwa aisimamie wima. Sauti iliyokuwa ya nyumbani kwake imekuwa ya wote, na kwa namna fulani si yake tena.

Hasara hii si ya mkutubi peke yake. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma katika Delta ya Tana yaliua watu zaidi ya 100, wakiwamo wanawake na watoto, na yakateketeza vijiji. Mahali palipolipa taifa sauti ya kuombea amani na undugu palikosa vyote viwili kwa miezi mitano. Katika vijiji hivyo, zamu ya bembezi ilichukuliwa na mbolezi. Ni vigumu kuusikia wimbo wa taifa kwa namna ile ile baada ya kulifahamu hilo. Na jambo hilo halimo katika maneno ya wimbo. Limo katika historia ya sauti yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba shairi na sauti huweza kukutana kwa njia tofauti. Shairi likitangulia, kama katika wimbo wa Fauré, sauti huwa fasiri inayoweza kuyatangulia maneno kwa maana. Sauti ikitangulia, kama katika wimbo wa taifa wa Kenya, maneno hulazimika kutii pumzi ambayo haikuwa yao. Katika bembezi ya mama, hakuna kilichotangulia. Vyote viwili huzaliwa pamoja, na ndiyo sababu vinaweza kupingana bila kutengana.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, matokeo ya hoja hii ni ya kazi. Bembezi za Tana ya chini, kuanzia Garsen hadi Chara na Kipini, zinastahili kukusanywa zikiwa nyimbo kamili: sauti irekodiwe, maneno ya Kipokomo yaandikwe pamoja na tafsiri, na aelezwe aliyeimba, aliyeimbiwa na hali iliyokuwapo. Mkusanyaji anayeandika maneno tu atarudi chuoni na kitisho cha mnyama kisicho na upole. Anayerekodi sauti tu atarudi na upole usio na kitisho. Wote wawili watakuwa wameuacha wimbo wenyewe ukingoni mwa mto, kwa mama aliyeuimba.